Mokume-gane hatua kwa hatua: shaba na fedha zenye mishipa kama ya mbao

Ukiingia duka la sonara kwetu, kitu cha kwanza kuwekwa mezani ni mizani. Mkufu unapimwa, karati inatajwa, bei ya gramu ya siku hiyo inazidishwa, na hapo ndipo mazungumzo ya uzuri yanapoanza. Nimekulia katika hesabu hiyo na ndiyo iliyonilisha. Ndiyo maana nilishtuka niliposoma kwamba mafundi wa Japani walikuwa wakiyeyusha dhahabu ndani ya shaba mpaka isionekane kabisa, ili tu ile shaba ikubali kugeuka nyeusi yenye wingu la buluu. Gramu 4 za dhahabu kwa gramu 96 za shaba, na hakuna jicho litakaloiona. Mchanganyiko huo unaitwa shakudo, na katika mapambo rasmi ya panga za samurai uliheshimiwa kuliko metali nyingi zinazong'aa.

Hapo ndipo penye siri ya kazi yote nitakayoieleza. Rangi haipakwi juu. Huamuliwa tangu siku ya kuyeyusha, ikakaa imejificha chini ya nyundo na tupa kwa wiki nzima, halafu ikajitokeza saa ya mwisho ndani ya sufuria. Ukielewa hivyo, utaelewa pia kwa nini kila hatua hapa chini inasisitiza usafi kuliko nguvu.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya sonara, au mhunzi mwenye meza ya kazi na uzoefu wa moto. Tutatengeneza kidani kimoja cha mviringo: bamba la mokume-gane, yaani tabaka za shaba nyekundu na fedha zilizounganishwa kwa moto zikatoa mishipa kama ya mbao, lenye kishikio kilichofungwa kwa misumari miwili midogo ya shakudo. Kidani hicho kimoja kinakupitisha katika karibu kila jambo la msingi.

Kazi hii ilitoka wapi

Upanga wa Kijapani una vifaa vingi vidogo. Kuna tsuba, kile kisahani kinachokinga mkono kati ya mpini na makali. Kuna menuki, mapambo madogo ya mpinini. Kuna kozuka, mpini wa kisu chembamba kinachochomekwa ubavuni mwa ala. Kwa karne nyingi humo ndimo mafundi wa metali walimomwaga akili yao yote, juu ya eneo lisilozidi kiganja. Ukoo wa Goto, ulioanzishwa na Goto Yujo aliyefariki mwaka 1512, uliwatumikia watawala kizazi baada ya kizazi hadi karne ya 19, kazi yao kubwa ikiwa dhahabu iliyochongwa juu ya shakudo.

Mokume-gane yenyewe hunasibishwa na Shoami Denbei (1651–1728), fundi wa Akita, kaskazini mwa Japani. Mokume ni ile mishipa inayoonekana mbao ikipasuliwa. Gane ni metali. Alianza kwa kuiga vyombo vya laka, yaani vilivyopakwa utomvu wa mti unaokauka ukawa mgumu, tabaka nyekundu na nyeusi kwa zamu, kisha vikachongwa mifereji ili tabaka zionekane kwenye kuta za mfereji. Mtindo huo uliitwa guri, naye akaufanya kwa shaba na shakudo. Baadaye akagundua kwamba bamba lililochongwa mifereji likigongwa tena mpaka likasawazika, tabaka hulala zikiwa zimepindapinda kama mishipa ya mti. Hapo ndipo jina lilipopatikana.

Mwaka 1876 serikali mpya ya Meiji ilipiga marufuku kubeba panga hadharani. Jaribu kuwaza mafundi ambao baba, babu na babu wa babu walitengeneza vifaa vya panga tu, kisha kwa amri moja soko linakatika. Wengi waliacha. Waliobaki waligeukia vyetezo, majagi ya maua, visanduku na sanamu za kuuzwa Ulaya na Marekani, na zile kazi za miaka ya 1870 hadi 1900 ndizo zinazowafanya watu wasimame mbele ya makabati ya kioo leo. Kano Natsuo (1828–1898), aliyeanza kama fundi wa tsuba, alichora na kuchonga sura za sarafu mpya za taifa, akafundisha katika Shule ya Sanaa ya Tokyo, na mwaka 1890 akateuliwa miongoni mwa wasanii wa Kasri la Mfalme. Unno Shomin (1844–1915) alifuata njia iyo hiyo. Ukipata bahati ya kufika Kyoto, Jumba la Makumbusho la Kiyomizu Sannenzaka limejaa kazi za enzi hiyo. London, tazama Victoria and Albert.

Mokume-gane ilikaribia kusahaulika. Katika miaka ya 1970 Eugene na Hiroko Pijanowski waliijifunza Japani na kuwafundisha mafundi wa Marekani, na tangu hapo imesambaa. Huko kwao, Tamagawa Norio wa mkoa wa Niigata, anayefua vyombo vya mokume-gane kwa nyundo, alitangazwa mwaka 2010 kuwa Hazina Hai ya Taifa, heshima ambayo Japani huwapa watu walioshika ufundi mikononi mwao.

Zijue metali zako

Shaba nyekundu safi ndiyo mama. Tafuta bati la shaba jipya. Waya za umeme zilizoyeyushwa mara nyingi huwa zimechanganyika na risasi ya lehemu, na risasi kidogo tu inaharibu mshikamano.

Shakudo ni shaba na dhahabu, kwa kawaida asilimia 2 hadi 6 ya dhahabu. Kabla ya kutiwa rangi inafanana na shaba ya kawaida. Huwezi kuitofautisha kwa macho. Shibuichi maana yake ni robo, yaani sehemu moja ya fedha kwa sehemu tatu za shaba, ingawa mafundi waliipunguza au kuizidisha fedha walivyotaka. Hutoa kijivu cha mawingu ya masika. Ina tabia ya kukatika ikigongwa ikiwa na moto mwingi, kwa hiyo usiifue ikiwa nyekundu. Shaba ya njano, yaani shaba yenye zinki, hutumika pia, lakini kwa mara ya kwanza iache. Zinki hufuka kwenye moto mkali, na moshi wake unaleta homa na maumivu ya kifua.

Kwa kidani chetu tunatumia shaba nyekundu na fedha safi (ya 999), kwa sababu moja kubwa. Peke yake shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1085 za Selsiasi, fedha kwenye 961. Zikigusana, pale mpakani huanza kuyeyuka zikiwa kwenye nyuzi 779 tu. Namba hiyo iandike ukutani. Chini yake kidogo, metali hizi zinashikana huku zikiwa bado ngumu, chembe za moja zikihamia ndani ya nyingine. Juu yake kidogo, unabaki na dimbwi.

Mahitaji

Bati la shaba na bati la fedha lenye unene wa milimita 0.8. Kata vipande 5 vya shaba na 4 vya fedha, kila kimoja milimita 25 kwa 25. Fedha itakuwa kama gramu 21 kwa jumla, shaba kama gramu 22. Mabamba mawili ya chuma yenye unene wa milimita 10, upana kama sentimita 6, yenye tundu kila pembe kwa boliti nne na nati zake. Fuawe iliyong'arishwa, nyundo yenye uso laini, jiliwa, tupa, msumeno wa sonara, tindo ndogo, keekee, karatasi za msasa za namba 400 hadi 2000. Ukiwa na mashine ya magurudumu mawili ya kubonyezea bati utaokoa mkono wako. Bila hiyo, nyundo inatosha. Tanuri la umeme lenye kipimo cha joto ni bora sana, ila jiko la mkaa lenye mvukuto lilitosha kwa Denbei na linaweza kukutosha.

Vaa miwani ya kazi muda wote. Fanya kazi ya moto na dawa mahali penye upepo.

Hatua ya 1: kunyoosha na kusafisha

Kila kipande lazima kiwe bapa kabisa. Kilaze juu ya kioo cha dirisha, ukibonyeze pembeni; kikicheza, kinyooshe kwa nyundo ya mbao. Halafu kisugue pande zote mbili kwa msasa wa namba 400 ulioulaza juu ya kioo hicho hicho, mpaka uso wote uwe na mikwaruzo ya aina moja bila doa linalong'aa. Doa linalong'aa ni bonde ambalo msasa haujafika.

Sasa osha kwa sabuni ya unga na mswaki, suuza, mimina maji safi. Maji yakitanda uso mzima kama utando, kipande ni safi. Yakikusanyika matone matone, kuna mafuta, rudia. Kuanzia hapa shika kingo tu, tena kwa glavu safi.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya kilichonipata. Bonge langu la pili, yaani rundo la vipande vilivyoshikanishwa kwa moto, lilishika vizuri machoni, nikalifua kwa siku mbili, na ghafla tabaka la tatu likafunguka kama kitabu. Katikati palikuwa na alama ya duara, ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Kidole changu mwenyewe.

Hatua ya 2: kupanga na kubana

Pondaponda chaki, changanya na maji kidogo iwe uji, paka uso wa ndani wa yale mabamba ya chuma, kausha kabisa. Hii inazuia bonge lisigandane na chuma. Panga vipande kwa zamu ukianza na shaba na kumaliza na shaba. Weka kati ya mabamba, funga boliti ukikaza kwa mshazari, pembe hii kisha ile inayoelekeana nayo, ili mkazo uwe sawa.

Usikaze mpaka boliti zilie. Moto wenyewe utafanya kazi hiyo: shaba na fedha hutanuka kuliko chuma zikipata joto, kwa hiyo bonge linavimba huku boliti zikibaki nyuma, na mkazo unaongezeka wenyewe. Ni jambo linalonifurahisha kila mara ninapolifikiria, kwamba kifaa kinajikaza bila mkono.

Hatua ya 3: kuunganisha kwa moto

Kwa tanuri la umeme: weka kifaa chako ndani ya kisanduku cha chuma, kizungushie mkaa uliopondwa pande zote, funika. Mkaa unakula hewa iliyobaki ili shaba isipate ukoko mweusi. Pandisha hadi nyuzi 740, shikilia hapo saa 8, kisha zima na uache lipoe humo humo hadi asubuhi. Vipimo vya matanuri ya bei nafuu hudanganya, kwa hiyo jaribu kwanza kwa kipande kidogo cha shaba kilichofungwa na kipande cha fedha. Usivuke 760 hata kama una haraka.

Kwa jiko la mkaa: washa mkaa wa kutosha, subiri moshi uishe. Weka kifaa katikati, kifunike mkaa juu na kando, acha tundu moja la kuchungulia. Vuta mvukuto polepole. Fanya kazi jioni au kwenye kivuli kizito, kwa sababu utaongozwa na rangi. Kifaa kikifika wekundu uliokolea, kigeuze, acha kwa dakika kumi ili joto liingie hadi kati. Halafu ongeza upepo kidogo kidogo na usiondoe jicho kwenye kingo za bonge. Itafika wakati kingo zitaonekana kama zimelowa, zinametameta kama ngozi inayotoka jasho. Hapo ndipo penyewe. Kata upepo saa ile ile, toa kifaa kwa koleo, kiweke juu ya tofali kavu lenye moto, kikandamize kwa nyundo nzito bila kugonga mpaka ule mng'ao uzimike.

Bonge langu la kwanza kabisa liliishia hapa. Niliona jasho upande mmoja nikataka na upande wa pili utoe jasho, nikaongeza pumzi tatu za mvukuto. Fedha yote ilishuka ndani ya mkaa. Upande mmoja ukitoa jasho kabla ya mwingine, geuza kifaa, usiongeze moto.

Hatua ya 4: kufua

Fungua boliti, piga tupa kingo zote nne mpaka uone mistari ya shaba na fedha iliyo safi. Chunguza kwa lenzi. Mstari mweusi kati ya tabaka ni ufa. Ukiwa pembeni tu, kata sehemu hiyo kwa msumeno utupe, hata kama inauma. Ukiingia ndani, bonge lote rudi nalo kwenye moto au liache.

Mapigo ya mwanzo yafanywe bonge likiwa na joto la wekundu hafifu, mepesi, yaliyosambaa kutoka katikati kwenda nje. Baada ya hapo fua likiwa baridi. Kila likipungua unene kwa kama sehemu moja ya tano, litakuwa gumu. Lilainishe kwa moto hadi wekundu unaoonekana gizani tu, kama nyuzi 600 hadi 650, kisha liache lipoe lenyewe hewani. Sisi masonara tuna mazoea ya kutumbukiza kitu kwenye maji mara kikitoka motoni. Hapa usifanye hivyo, kwa kuwa tabaka mbili zinazosinyaa kwa mwendo tofauti zikipigwa na maji ya ghafla zinaachana.

Baada ya kila moto, safisha ukoko kwa maji ya chumvi ya ndimu yaliyopashwa. Usigonge bonge likiwa limesimama kwa kingo zake hata mara moja. Likifika unene wa milimita 4, simama. Litakuwa na upana wa sentimita 3 na kidogo.

Hatua ya 5: kuitoa mishipa

Hapa ndipo mkono wa fundi unapojulikana, na ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko pote.

Tazama bonge lako: ni sandwichi ya mistari tisa. Ukilikata tambarare utaona rangi moja tu. Mchoro hutokea pale unapofanya baadhi ya sehemu ziwe chini na nyingine juu, kisha ukalisawazisha, ili uso mmoja upite katika tabaka tofauti. Ramani ya mlima wenye mistari ya mwinuko ni mfano mzuri, maana kila mstari unaonyesha mahali ambapo uso umekata tabaka.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchonga kutoka mbele: kwa keekee toboa vishimo visivyotoka upande wa pili, au kwa tindo na tupa ya duara chimba mifereji, kisha fua bamba mpaka sakafu ya mifereji ipande na kuwa sawa na uso. Kishimo cha duara hutoa macho ya mbao, mfereji mrefu hutoa mishipa. Ya pili ni kupiga kutoka nyuma kwa msumari butu mpaka vichuguu vijitokeze mbele, halafu unavikata vichuguu hivyo kwa tupa. Njia ya pili haipotezi metali nyingi na hutoa maumbo laini zaidi, kama maji yaliyotupiwa kijiwe.

Kwa kidani hiki nashauri uchonge. Usizidi nusu ya unene wa bamba. Kuta za kila mfereji ziwe za mteremko, kama herufi V iliyofunguka, kwa sababu ukuta uliosimama wima utajikunja ukigongwa na kufunika uchafu ndani. Laini kila ukingo kwa msasa kabla ya kufua.

Na usipange mchoro kwa mistari iliyolingana. Kabla ya kuchonga nenda katazame ubao wa mninga au mvule uliopigwa randa. Mishipa yake inabanana mahali, inaachana mahali, inazunguka fundo halafu inanyooka tena. Nilijaribu mara nyingi kuchora mishipa kutoka kichwani na ikatoka kama karatasi ya kufungia zawadi. Siku niliyoweka ubao wa mlango wa zamani mbele yangu ndipo mkono ulipoelewa.

Chonga, fua, lainisha kwa moto, chonga tena kwa wepesi mahali palipo kimya mno, fua tena. Shusha mpaka milimita 1.5. Sasa una bamba la karibu sentimita 5 kwa 5. Chora duara la milimita 40 mahali mchoro unapopendeza, likate kwa msumeno. Mabaki yatunze, yanafaa kwa hereni.

Hatua ya 6: misumari ya shakudo

Pima gramu 2.4 za shaba safi na gramu 0.1 ya dhahabu ya karati 24. Hiyo ni asilimia 4. Juu ya kipande cha mkaa wa kuyeyushia, yeyusha shaba kwanza na boraksi kidogo, kisha tia dhahabu, tikisa mpaka shanga ya moto izunguke yenyewe kwa sekunde kadhaa. Dhahabu isipochanganyika vizuri utapata madoa. Ipoze, ifue iwe kijiti, ivute kwenye bamba la matundu hadi unene wa milimita 1.5. Utapata waya wa karibu sentimita 15, wa kutosha misumari mingi.

Mafundi wa Japani walipoyeyusha kiasi kikubwa walimimina metali kwenye turubai iliyotandikwa chini ya maji ya moto, na metali ikatulia humo kwa upole na kutoka na ngozi nzuri. Usilijaribu hilo nyumbani. Maji yakinaswa chini ya metali iliyoyeyuka hulipuka. Kikombe cha chuma kilichopashwa moto na kupakwa masizi kinatosha.

Tengeneza kishikio cha fedha, toboa matundu mawili kwenye kishikio na kwenye bamba, pitisha waya, kata ukiacha milimita 1 kila upande, gonga vichwa mpaka vifanye vifundo vidogo. Nachagua misumari badala ya lehemu makusudi. Lehemu ngumu ya fedha inayeyuka karibu mno na nyuzi 779, na si jambo la kupendeza kupoteza kazi ya wiki mbili kwenye kishikio.

Hatua ya 7: kusawazisha uso

Piga msasa wa namba 400, 600, 1000, 1500, 2000, kila namba ikifuta mikwaruzo ya iliyotangulia kwa kukatiza upande mwingine. Mafundi wa Kijapani humalizia kwa mkaa laini wa mti wa magnolia uliolowa maji. Mkaa wetu wa kupikia una chembe ngumu zinazokwaruza; ukitaka kuujaribu, tafuta kipande chepesi chenye nyuzi sawa na ukijaribie kwenye mabaki kwanza. Usitumie gurudumu lenye nta ya kung'arishia. Nta inajificha kwenye vinyweleo vya metali na dawa haitashika hapo.

Hatua ya 8: sufuria

Njia hii inaitwa niiro, kuchemsha kwa rangi. Dawa yake ni rokusho, ambayo kimsingi ni ile kutu ya kijani ya shaba, ikichanganywa na mrututu, ule ule wanaoutumia wakulima kwa mimea. Kwa lita 1 ya maji yasiyo na chumvi, maji ya mvua yaliyochujwa yanafaa, tia gramu 4 za asetati ya shaba na gramu 4 za mrututu safi wa dukani kwa maabara. Vyote ni sumu. Sufuria hiyo isirudi jikoni, na watoto wasikaribie.

Chombo kiwe cha shaba isiyopakwa bati au cha kioo kinachohimili moto. Sufuria zetu za kawaida ni za alumini, nayo alumini itapigana na dawa na kuiharibu. Chuma vivyo hivyo. Hata waya wa kuning'inizia kidani uwe wa shaba.

Chemsha dawa mpaka itokote kwa utulivu. Sugua kidani kwa magadi ya unga na maji mpaka maji yatande kama utando, kama tulivyofanya mwanzo. Kisha kuna hatua ambayo wengi huidharau: ikune figili nyeupe, ikamue, tumbukiza kidani ndani ya maji yake kwa sekunde chache. Mafundi wameitumia figili kwa vizazi ili rangi ianze sawasawa bila madoa, na nilipoiruka niliona tofauti. Bila kusuuza na bila kukigusa, kitumbukize moja kwa moja kwenye dawa inayochemka.

Kitikise bila kusimama. Kikitulia kitapata madoa. Dakika ya kwanza au ya pili shaba inageuka ya machungwa, baadaye kahawia nyekundu kama udongo wa Usambara baada ya mvua. Fedha inabaki nyeupe. Na vile vifundo vinne vya shakudo, ambavyo tangu asubuhi vilikuwa shaba tu kati ya shaba, vinaanza kuingia giza, zambarau kwanza, kisha nyeusi ya buluu. Kitoe baada ya dakika kumi, suuza, tazama, kichovye tena kwenye figili, rudisha. Kazi nzima inaweza kuchukua nusu saa hadi saa moja. Simama pale rangi inapokuridhisha, kwa kuwa ukizidisha sana shaba hufifia.

Madoa yakitokea, hakuna namna ya kuyaficha. Rudi kwenye msasa wa namba 1000, safisha, anza tena hatua hii. Metali haijapotea, ni ngozi yake tu.

Kutunza

Kausha kwa kitambaa laini, pasha joto kidogo, paka nta ya nyuki nyembamba, futa.

Mwambie atakayekivaa neno moja kabla hujampa: asikisafishe kwa ukwaju, ndimu wala majivu. Nyumbani kwetu kila chombo cha shaba husuguliwa hivyo mpaka kimetemete, na mkono wa upendo wa mama unaweza kufuta kwa dakika mbili kazi yote ya sufuria. Tsuba ngapi za kale zimeharibiwa kwa dawa ya kung'arisha, sijui kuhesabu, lakini nimeona moja kwa macho yangu, shakudo yake imegeuzwa kuwa shaba uchi. Kitambaa kikavu kinatosha. Kikivaliwa kila siku rangi ya shaba itazidi kuiva kwa jasho la ngozi, na mahali kinapogusana na nguo patapauka kidogo. Baada ya miaka kadhaa akirudi nacho, kivue nta kwa sabuni ya moto, kipitishe kwenye magadi na figili, ukirudishe kwenye sufuria kwa dakika kumi.